Senene Ndani ya Jani la Mgomba

Kokubanza alikuwa na miaka kumi na minne, na babu yake alipenda kusema kwamba nusu ya miaka hiyo aliipitisha akiota huku macho yake yako wazi. Mzee Byarugaba alikuwa akimkuta amesimama katikati ya shamba, jembe limelala miguuni pake, anatazama ukungu ukipanda kutoka bondeni na kuifunika migomba mmoja mmoja mpaka vinabaki vilele tu, vinaelea. Hakumkaripia. Alimgusa bega, na binti akarudi polepole, kama mtu anayetoka majini, akatabasamu na kuinama kuokota jembe lake.

Waliishi wawili tu, Ihanda, katika nyumba ya udongo iliyozungukwa na migomba na mibuni. Bibi alikuwa amefariki zamani. Joviana, mama yake Kokubanza, alifariki mtoto akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na baba akavuka mpaka wa Murongo kwenda kutafuta kazi Uganda, habari zake zikakatikia huko. Kwa hiyo mpishi alikuwa mzee mwenyewe. Wanaume wenzake walimcheka, kwanza mbele ya uso wake, kisha kisogoni, mwishowe wakazoea.

Kila alfajiri alilipitisha jani la mgomba juu ya moto mpaka likalegea na kung'aa, akaweka chakula ndani, akalikunja na kulifunga kwa kamba ya mgomba. Hicho ndicho alichobeba Kokubanza kwenda shule ya misheni, mwendo wa saa nzima, ng'ambo ya Bugene. Njiani alilishika furushi lile kwa mikono miwili, maana lilikuwa na joto, na asubuhi za huko zina baridi.

Mwaka huo, elfu moja mia tisa hamsini na tatu, shule ilipata mwalimu mpya wa kike kutoka Bukoba, Mwalimu Felicitas, wa kufundisha maarifa ya nyumbani. Alivaa gauni jeupe lenye mkanda, na alikuja na karatasi kubwa ambayo aliitundika ukutani. Karatasi ilikuwa na mafungu matatu: chakula cha kutia nguvu, chakula cha kujenga mwili, chakula cha kulinda mwili. Haikuishia ukutani. Saa sita, wanafunzi wa kutoka mbali walipokaa kwenye majani chini ya mikaratusi kula walichobeba, Mwalimu Felicitas alipita kati yao na daftari, akainama mbele ya kila mmoja, akatazama na kuandika.

Siku ya kwanza Kokubanza alifungua jani lake. Ndani mlikuwa na ndizi mbili za kuchoma.

"Cha kutia nguvu," alisema Mwalimu Felicitas. "Vizuri. Na cha kujenga mwili kiko wapi?"

Kokubanza alichungulia ndani ya jani, huenda kimejificha. "Hakipo, Mwalimu."

Kesho yake zilikuwa ndizi za kupika, zimepondwa kwa chumvi. Jumatano viazi vitamu. Alhamisi ndizi tena. Mwalimu Protase wa hesabu, mtu mrefu mwenye sauti ya kengele, alikuwa na mazoea ya kupita pale akitoka kunawa mikono, naye hakuwahi kupita kimya.

"Huyu binti," alisema, "siku moja tutamkuta darasani ameota majani."

Wanafunzi wakaangua kicheko. Kokubanza naye alicheka, kwa sababu aliiona picha yenyewe: majani mapana yakimtoka mabegani, mvua ikigonga juu yake, na yeye ametulia tuli. Maneno ya walimu yalikuwa yakimfikia hivyo, yamegeuka picha kabla hayajamchoma.

Mwalimu Felicitas hakucheka. Alichuchumaa. "Nani anakufungia chakula?"

"Babu, Mwalimu."

"Hakuna mwanamke nyumbani?"

"Hakuna."

Mwalimu aliandika neno moja kwenye daftari. "Basi mwambie babu yako, kwa heshima, kwamba msichana wa umri wako mwili wake ndio unajengwa sasa. Ndizi peke yake hazitoshi. Atafute kitu cha kujenga mwili."

Kokubanza aliufikisha ujumbe jioni ile, wakimenya ndizi jikoni. Mzee alisimamisha kisu.

"Cha kujenga mwili," alirudia. "Kwani anadhani mimi sioni unavyokua?" Lakini hakukasirika. Kwa wiki kadhaa alijitahidi, akaweka maharage, ambayo yalivuja mchuzi njia nzima na kumchafua binti sketi, akaweka njugumawe za kuchemsha. Mwalimu Felicitas aliandika na kusema, "Afadhali." Mwalimu Protase alisema, "Heri ndizi, hazikuvujii." Ikawa hivyo, kila saa sita neno, na Kokubanza akazoea kama alivyozoea kengele.

Mwishoni mwa Novemba mvua nyembamba ilinyesha siku tatu mfululizo. Alfajiri ya siku ya nne mzee alimwamsha mjukuu wake kwa kumgusa unyayo.

"Wameshuka," alisema.

Walitoka. Kilima kizima kilikuwa kijani kuliko kilivyolala jana, na kijani hicho kilikuwa kinapumua. Senene, wale panzi wa msimu wanaoliwa, walikuwa wamekaa juu ya kila ukoka, wamelowa umande, wameshikwa na baridi wasiweze kuruka, elfu kwa elfu, na wanawake na watoto wa jirani walikwishaingia katikati yao na vikapu, wanaokota bila haraka, wanaonekana viuno tu kwenda juu kwa sababu ukungu ulikuwa umewafunika miguu. Hakuna aliyepaza sauti. Kulikuwa na mlio mmoja mwembamba uliotoka kila mahali, hujui kama uko ardhini au uko masikioni mwako. Kokubanza aliinyoosha mikono yake miwili kwenye majani na kuiinua imejaa. Alisahau kuwatia kapuni. Alisimama hivyo, senene wakitembea juu ya viganja vyake kwa miguu yao yenye kukwaruza, mpaka jua lilipochomoza na kundi la kwanza kuota joto na kuruka, likapita juu ya kichwa chake na kung'aa kama vumbi la kioo.

"Kokubanza," babu aliita kwa upole. "Kapu."

Kwa desturi ya huko, kuokota senene ni kazi ya wanawake na watoto, na kuwanyonyoa mabawa na miguu ni kazi ya wanawake, na kuwakaanga vilevile. Kula ni kwa wanaume. Mwanamke akimpelekea mumewe kapu lililojaa, mume humpa nguo mpya, basi, wamemalizana. Hakuna aliyekuwa ameliandika jambo hilo popote. Watu walilijua kama walivyojua njia ya kisimani. Lakini Kokubanza alikuwa akila senene tangu alipoota meno, kutoka mkononi mwa babu yake, ndani ya nyumba, mlango umerudishwa. Hakuwahi kuuliza. Nyumbani kwao mwanamume alipika, basi si ajabu na haya mengine yakawa tofauti.

Asubuhi ile mzee aliwakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi, na mara hii hakuurudisha mlango. Akalipitisha jani juu ya moto.

"Mwalimu anataka cha kujenga mwili," alisema, akifunga kamba. "Hiki hapa."

Saa sita Kokubanza alifungua jani chini ya mikaratusi, na harufu ikatangulia. Wavulana waliacha kula. Placida, msichana aliyekaa naye dawati moja, alijisogeza nyuma kidogo, akajifunika mdomo kwa mkono. Kokubanza alikuwa ameshakula watatu, akisikia ule mlio mwembamba wa alfajiri ukirudi kila alipotafuna, aliposikia viatu vya Mwalimu Protase vikisimama.

"Weka chini," alisema. Safari hii hakutania.

Akaweka chini.

"Wewe ni msichana au mvulana?"

"Msichana, Mwalimu."

"Nani amekwambia msichana anakula senene? Mke wangu ameokota kapu zima alfajiri ya leo, na binti zangu wamewanyonyoa mpaka vidole vikawa vyeusi, na hakuna hata mmoja aliyelamba kidole. Hukufundishwa aibu?"

Mwalimu Felicitas alikuwa amefika na daftari lake. Alitazama ndani ya jani, na Kokubanza, aliyekuwa chini yake, aliona koo la mwalimu likipanda na kushuka, kama la mtu anayemeza mate. Kwa kuwa daftari lilikuwa wazi na kalamu iko tayari, na kwa kuwa kila siku ilikuwa hivyo, Kokubanza aliuliza alichokuwa akijiuliza tangu asubuhi. Hakuwa na kiburi hata chembe.

"Mwalimu, hawa wanaingia fungu gani?"

Upepo ulipita kwenye mikaratusi, ukaangusha majani mawili makavu. Mwalimu Felicitas alilifunga daftari bila kuandika.

"Rudi darasani," alisema kwa sauti ndogo.

Mwalimu Protase alilipeleka jambo kwa mwalimu mkuu, na barua ikatumwa Ihanda kumwita mzee. Barua haikupewa mtoto, ilipitia kwa mkubwa wa kijiji na kuchukua siku tatu kufika, na kwa siku hizo tatu Kokubanza alikula peke yake, nyuma ya ghala la kuni. Placida alikaa mbali naye. Hakuwa na ubaya, alikuwa na hofu tu. Mama yake alikuwa amemwambia kwamba msichana anayekula senene huambukiza wenzake tabia mbaya. Na hapo, kwa mara ya kwanza, maneno ya walimu yalikataa kugeuka picha. Neno aibu lilibaki neno. Kokubanza alilitafuna pamoja na ndizi zake, likawa haliishi.

Siku ya nne mzee Byarugaba alikuja, amevaa kanzu yake ya kanisani na koti kuukuu juu yake, mkongojo mkononi. Ofisi ya mwalimu mkuu, Mwalimu Egbert, ilikuwa chumba chenye dirisha moja na meza moja, na ndani walikuwamo Mwalimu Protase na Mwalimu Felicitas. Mwalimu Egbert alisimama.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeitwa."

Kokubanza aliambiwa angoje nje, lakini mlango haukufungika vizuri, mbao zake zilikuwa zimevimba kwa mvua. Alisimama pale, mgongo ukutani, akasikia yote.

Mwalimu Protase alizungumza kwanza, na alizungumza kwa adabu. Alisema hana ugomvi na mtoto. Lakini mwaka jana wazazi wawili walikuja kuwaondoa binti zao shuleni kwa sababu walisikia wanafundishwa kucheza mpira, na ilichukua miezi kuwarudisha. "Wakisikia sasa kwamba hapa wasichana wanakula senene hadharani, mzee, tutabaki na wavulana watupu. Mimi mwenyewe ninao binti. Nataka wasome. Ndiyo sababu nasema."

"Nimekusikia," alisema mzee. "Una haki ya kusema." Kokubanza akasikia mkongojo ukiegemezwa mezani.

"Mama yake huyu mtoto," aliendelea, "aliitwa Joviana. Alipokuwa na umri kama wa huyu alirudi asubuhi moja kutoka kilimani na kapu limejaa. Nikaona mguu wa senene umenasa hapa, pembeni ya mdomo. Mmoja tu alikuwa amekula, tena mbichi, kwa hamu. Nikakata fimbo ya mbuni. Nilimchapa mbele ya mama yake, mbele ya jirani, nikajisifu jioni kwenye pombe kwamba nyumba yangu ina adabu. Hakulia. Lakini tangu siku ile, kila alipowekewa chakula, chochote, hata ndizi, alinitazama kwanza kabla ya kugusa. Miaka yote mpaka alipoolewa. Nami niliona ni heshima, nikafurahi."

Mtu fulani ndani alisogeza kiti.

"Alipougua baada ya kumzaa huyu, wakamleta kwangu. Homa haikumwacha. Nilikaa karibu naye nikamuuliza, mwanangu, unatamani kula nini? Sema chochote, nitakitafuta hata Bukoba. Akacheka kidogo. Akasema, 'Baba, hata nikikwambia hutanipa.' Nikamwambia nitakupa. Akageukia ukutani. Hakukitaja. Na mimi nilikijua, walimu. Nilikijua, na ulimi haukunyanyuka kukitaja kabla yake. Ulikuwa mwezi wa tano, msimu wao mdogo, senene walikuwapo, walikuwa wanaruka hapo hapo mlangoni. Baada ya siku mbili tulimzika. Basi mtoto wake alipoota jino nilimlisha kwa mkono wangu huu. Aibu mnayoisema ni yangu, si yake. Kama kuna wa kuchapwa, nichapeni mimi."

Nje, Kokubanza aliuona mlango, ukuta, uwanja, vyote viko mahali pake na vyote viko mbali sana. Alikuwa hana sura ya mama yake kichwani. Hakuwahi kuachiwa hata picha. Sasa alikuwa nayo moja: msichana wa umri wake, anatazama juu kabla ya kugusa sahani. Akalia bila sauti, machozi yakimwingia mdomoni.

Aliyesema baadaye alikuwa Mwalimu Felicitas. "Mtoto aliniuliza swali, nami sikumjibu. Senene ni chakula cha kujenga mwili. Nitawaandika leo kwenye karatasi ya ukutani. Kama nafundisha, nafundisha. Siwezi kufundisha wavulana fungu moja na wasichana fungu jingine."

"Na wazazi?" aliuliza Mwalimu Protase.

Mwalimu Egbert alikohoa. "Wazazi nitawaendea mimi. Hakuna mtoto atakayelazimishwa kula, na hakuna atakayefukuzwa penye wenzake kwa alichofungiwa na mkubwa wake. Mzee wangu, pole. Nenda kwa amani."

Haikwisha kirahisi hivyo. Baba mmoja alikuja kweli, akamwondoa binti yake, na Mwalimu Egbert alikwenda kwake mara tatu kwa miguu kabla ya kumrudisha. Mwalimu Protase hakubadilika. Nyumbani kwake binti zake waliendelea kunyonyoa bila kuonja. Ila aliacha kusimama mbele ya Kokubanza saa sita, na siku moja alipomkuta anahangaika na hesabu za sehemu alikaa naye nusu saa nzima akimwelekeza mpaka akaelewa. Kati yao hilo lilitosha. Placida alirudi kwenye kivuli chao taratibu, siku ya kwanza akakaa hatua tano kutoka kwake, siku ya pili tatu.

Siku ya mwisho kabla ya likizo ya Krismasi, Mwalimu Felicitas alimwita Kokubanza darasani wakati wa chakula. Hapakuwa na mtu mwingine. Mwanga wa dirishani ulikuwa umejaa vumbi la chaki, ukining'inia bila kuanguka.

"Umebeba nini leo?"

"Senene, Mwalimu. Ndio wa mwisho."

Mwalimu alikaa kwenye dawati la wanafunzi, magoti yamebana. "Kwetu tulikuwa wasichana sita," alisema. "Nimewanyonyoa tangu nina miaka mitano. Usingizini hata leo mikono yangu huwa inanyonyoa. Sijui ladha yao." Akanyoosha mkono, ukasimama njiani, ukaenda. Alimchukua mmoja kwa ncha za vidole, akautazama mlango, akamtia mdomoni.

Alitafuna macho yamefumbwa. Kokubanza alingoja, na ilimjia kwamba mwalimu naye, kwa dakika hiyo, hakuwa mle darasani. Alikuwa mahali kwenye majani marefu, asubuhi, mtoto mdogo kuliko Kokubanza mwenyewe.

"Chumvi imezidi," alisema mwishowe Mwalimu Felicitas, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Mwambie babu yako apunguze." Kisha akamchukua wa pili.

Baada ya siku ile ya ofisini mzee Byarugaba hakuwa amesema neno lolote kuhusu aliyoyasema, na Kokubanza hakuwa amemwonyesha kwamba alisikia. Walipika, walilima, walilala. Ilikuwa Jumapili ya baada ya Krismasi, wakirudi kutoka kanisani, mzee alipopunguza mwendo na mwishowe akasimama kupumzika juu ya mteremko, mahali ambapo njia inageuka na mabonde yote yanaonekana, moja nyuma ya jingine, kila moja limefifia kuliko lililotangulia.

"Babu," alisema Kokubanza. "Mama alikuwa mtu wa namna gani?"

Mzee alimtazama, akajua kwamba alijua. Aliuegemea mkongojo wake kwa mikono miwili.

"Alikuwa na mdomo," alisema. "Watu hawaamini, lakini alipokuwa mdogo alikuwa na maneno huyo. Aliwapa majina kuku wote. Kulikuwa na jogoo mmoja alimwita Mzungu, kwa sababu alitembea kifua mbele." Akacheka, kicheko kikamshangaza mwenyewe. "Na alikuwa anaimba vibaya. Vibaya sana. Bibi yako alikuwa anamwomba anyamaze ili ng'ombe watoe maziwa."

Kokubanza alicheka pia, na wakaanza kushuka. Mzee aliendelea kusema, jambo moja likivuta jingine: kisima alikoanguka, gauni alilolishona vibaya akalivaa hivyo hivyo, homa ya mapenzi iliyomfanya avunje mtungi. Walipofika nyumbani hawakuingia. Walikaa kibarazani, vumbi la njiani bado miguuni, na mzee akasema, "Na ile siku ya harusi yake sasa," akatafuta pa kuanzia.